Stelingi aliyegeuka adui: pambano la Bret Hart na Steve Austin lilivyotazamwa Kibirizi

Mbalamwezi ikikaza, wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika hupumzika. Taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi mpevu, dagaa hawakusanyiki, na vijana waliozoea kukesha majini wanabaki nchi kavu na usiku mrefu usio na kazi. Siku hizo mabanda ya video ya Kibirizi, pale mwaloni kaskazini ya mji wa Kigoma, hujaa karibu kama siku ya Simba na Yanga.

Kisa hiki kilitokea katika banda mojawapo. Kifurushi cha king'amuzi kilikuwa kimekwisha, mpira haukuonekana, na mwenye banda akachomeka flashi ya mieleka ya Marekani ili watu wasidai kiingilio chao. Ubishi ukaanza hapo hapo: pambano kali kuliko yote ni lipi? Kila mtu alikuwa na lake. Mwenye banda, mtu asiyependa kelele zisizoingiza pesa, akasema ataweka matatu, na banda litajiamulia lenyewe.

Niliyoyaona usiku ule yamenipa jibu bora kuliko orodha nyingi za mapambano bora nilizowahi kusoma. Si kwa sababu wavuvi wa Kibirizi ni wajuzi wa mieleka. Wengi wao si wajuzi, na hapo ndipo utamu wa kisa ulipo.

Matatu kwa mpigo

La kwanza lilikuwa la ngazi, meza na viti, tarehe 1 Aprili 2001, Houston, Texas. Timu tatu za watu wawili wawili zinagombea mikanda ya ubingwa iliyoning'inizwa juu ya ulingo, na mwenye kupanda ngazi akaichomoa ndiye mshindi. Kuna mahali Jeff Hardy ananing'inia hewani baada ya kupoteza ngazi, na Edge anamrukia kutoka juu ya ngazi nyingine, anamkumba kifuani, wote wawili wanaporomoka hadi chini. Banda zima lilisimama. Kichwa cha aliyekaa mbele yangu kiliniziba, nikaikosa ile ya marudio. Lakini niliangalia pia kilichofuata: baada ya kila mruko watu walipiga kelele, wakacheka, wakarudi kwenye simu zao mpaka mruko mwingine. Lilipokwisha, nilimuuliza jirani yangu nani kashinda. Hakujua. "Wale wenye nywele ndefu," akasema, na kwa pambano lile hilo si jibu.

La pili lilikuwa Hulk Hogan na Andre the Giant, tarehe 29 Machi 1987, Pontiac, Michigan, katika uwanja ambao kampuni ya mieleka iliyoandaa, WWF (leo WWE), ilitangaza umeingiza watu 93,173, idadi inayobishaniwa hadi leo. Kwa jicho la ufundi pambano lile ni baya. Andre alikuwa mgonjwa wa mgongo, hatua zake nzito, na Dave Meltzer, mwandishi Mmarekani anayeyapa mapambano nyota, alilipa alama ya chini ya sifuri. Kibirizi hawakujali nyota. Mapema tu Hogan anajaribu kumnyanyua Andre, anashindwa, anaangukiwa. Kuanzia hapo kila mtu bandani alikuwa anasubiri kitu kimoja: je, atamnyanyua? Dakika kadhaa baadaye akamnyanyua, akambwaga, na kelele zake zilizidi za ngazi zote za Houston. Mnyanyuo mmoja.

Ningeweza kuishia hapo na kusema kwamba pambano kubwa ni swali moja linaloulizwa mapema na kujibiwa kwa kuchelewa. Ni kweli, ila haitoshi. Watu walimshangilia Hogan mwanzo, wakamshangilia mwisho. Hakuna aliyetoka na moyo tofauti na ule alioingia nao.

La tatu

Tarehe 23 Machi 1997, Rosemont, nje kidogo ya Chicago. Bret Hart na Stone Cold Steve Austin, kama dakika 22. Sharti ni moja: hakuna kubandikana mabega chini kwa hesabu ya tatu. Mmoja lazima aseme basi. Mwamuzi ni Ken Shamrock, mtu aliyepigana kwelikweli katika UFC, mashindano ya mapigano yasiyo ya kuigiza, ile ya kwanza kabisa mwaka 1993.

Sasa, banda hili lina DJ wake, yule anayetafsiri sinema kwa maikrofoni. Sauti ya flashi ilikuwa ya kukwaruza, kwa hiyo akaizima kabisa na kuchukua usukani. Kama kawaida ya DJ wa banda, kazi yake ya kwanza ilikuwa kututajia nani ni nani. "Huyu wa pinki na nyeusi ndiye stelingi. Katoka Kanada, mtoto wa mwalimu wa mieleka, kaonewa mkanda wake, leo anadai haki. Yule kipara ni adui. Jambazi la Texas. Tusimwonee huruma."

Hakukosea. Bret ni mtoto wa Stu Hart wa Calgary, aliyewafunza wanamieleka wengi chini ya nyumba yake. Alipoteza mkanda kwa Shawn Michaels Machi 1996, akapumzika miezi kadhaa, aliporudi akaikuta hadhira imebadilika, na kila wiki akawa analalamika kuwa anaonewa. Austin naye alitumwa aonekane mbaya: mtukanaji, mvizia watu kwa nyuma, aliyeshinda Royal Rumble, pambano la watu wengi wanaotupana nje ya ulingo, Januari 1997 kwa ujanja baada ya Bret kumtupa nje na waamuzi wasione. Kwenye karatasi, stelingi na adui walikuwa wazi.

Kule Rosemont wenyewe, ukweli usemwe, sehemu ya watu walikuwa wamekwisha kumpenda Austin kabla kengele haijalia. Ndiyo maana nayapa uzito mkubwa yale ya Kibirizi. Chicago iligeuka ikiwa imeinama tayari upande huo. Kibirizi iliambiwa kinyume, kwa maikrofoni, na mtu inayemwamini kila siku.

Mwanzo haukuwa na maajabu. Wanaanza kupigana kabla ya taratibu, wanatoka nje ya kamba, wanapanda ngazi za watazamaji, wanarudi. Wapenzi wa mieleka huisifu sana sehemu hii. Mimi naiona ndefu. Kamera inawapoteza katikati ya watu, na bandani ndipo vijana walipotoka kununua karanga. Waliporudi, Bret alikuwa ameanza kazi ya mguu.

Hapa taratibu, maana pambano lote limejengwa juu ya mguu huu. Bret anachagua goti moja la Austin na hapigi kwingine. Anaukunja, anaukanyaga, anamvuta mpaka kwenye nguzo ya ulingo na kuufunga mguu ule kwenye nguzo huku mwenyewe akining'inia nje kichwa chini. Kisha analeta kiti cha chuma cha kukunja, anaupitisha mguu ndani ya kiti, na kupanda juu ya kamba ili auvunje. Austin anainuka kabla hajaruka, anakichukua kile kiti na kumpiga nacho. Lakini anachechemea. Na kuanzia hapo hajaacha kuchechemea hata pale anapotawala yeye. Mzee mmoja wa mitumbwi, ambaye usiku wote alikuwa amekaa kimya na kahawa yake, alisema kwa sauti, bila kumwambia mtu: "Mguu haujapona huo."

Sentensi hiyo ingetosha kuwa darasa zima. Katika pambano la ngazi mtu huanguka kutoka juu mno na dakika mbili baadaye anapanda tena. Jicho la mtazamaji linajifunza kwamba kuanguka hakudhuru, na likishajifunza hivyo, kila anguko jipya lazima liwe refu kuliko lililopita. Katika pambano la Rosemont kitendo cha dakika ya nane bado kinadai deni lake dakika ya ishirini. Mzee yule hakuwa akifuatilia mieleka. Alikuwa akifuatilia mguu.

Baadaye Austin anatupwa nje, anavuka kizuizi, na anapoinuka uso umejaa damu. Bret mwenyewe alikuja kueleza kwamba chale ile waliikubaliana, wakati kampuni ilikuwa imepiga marufuku damu ya makusudi. Damu hii imesifiwa kupita kiasi. Wangapi wamechanjana baadaye wakidhani siri ilikuwa damu, na mapambano yao hayakumbukwi na mtu! Damu ile ilifanya kazi kwa sababu ilimkuta mtu ambaye tayari ana mguu mbovu, na kwa sababu ya alichofanya Bret alipoiona. Hakurudi nyuma. Alimpiga ngumi pale pale penye jeraha, akarudi kwenye goti, akaleta kiti tena.

Ndipo sauti ya kwanza ikatoka benchi la mbele: "DJ! Stelingi gani huyo anampiga mtu kiti kwenye mguu mbovu?"

DJ akamtetea mtu wake. Akasema anadai haki, ameonewa sana. Mwingine akamjibu, "Haki gani? Roho mbaya tu hiyo." Kicheko. Lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokwisha kuhama. Austin alipompiga Bret pasipopigwa, kitendo cha adui kabisa, kitendo ambacho muda mfupi kabla wangekizomea, banda lilishangilia.

Anajaribu hata kumkaba Bret kwa waya wa umeme kwenye ukingo wa ulingo. Bret anaipata kengele, anamtwanga nayo, anamburuta mpaka katikati ya ulingo na kumfunga Sharpshooter: miguu miwili imepachikwa na kukunjwa, mtu amelazwa kifudifudi, mwenye kufunga amemkalia mgongoni akiegemea nyuma. Kamera inasogea usoni. Damu inateremka kutoka kwenye paji, inapita puani, inaingia mdomoni, na Austin anapiga kelele huku meno yamekuwa mekundu. Shamrock amepiga magoti mbele yake, anamuuliza, anamuuliza tena. Austin anakataa. Anajisukuma kwa mikono, kwa sekunde chache Bret anayumba na kuanguka, kufuli inakaribia kufunguka, halafu inafungwa upya.

DJ alikuwa amenyamaza. Kwa mtu wa kazi yake, kunyamaza wakati wa sinema ni kama dereva kuachia usukani. Banda ndilo lililokuwa likitafsiri: "Usiseme! Usiseme, bwana!" Na hakusema. Alizirai. Shamrock akasimamisha pambano, mkono wa Bret ukanyanyuliwa.

Laiti ingeishia hapo, lingekuwa pambano zuri sana na basi. Lakini Bret akarudi kumpiga mtu aliyezirai, kwenye goti lile lile. Shamrock akamkamata kiunoni na kumtupa, wakatazamana, Bret akasitasita, akaondoka. Uwanja mzima ukamzomea, na Kibirizi ikamzomea nao. Austin alipoamka alikataa msaada, akambwaga mwamuzi aliyekuja kumsaidia, na akaondoka kwa miguu yake, akichechemea.

Sharti lilifanya nini

Wengi wakilieleza pambano hili hukimbilia damu na ile sura ya Austin. Nadhani ufunguo ni sharti, na ulikuwa mezani kabla mtu hajapigwa hata kofi.

Ukiwa na pambano la kawaida, kushindwa ni kushindwa: mabega chini, hesabu, kwisha. Hakuna nafasi ya kushindwa vizuri. Sharti la kusema basi linatenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huenda pamoja, yaani kushindwa na kukubali. Austin alishindwa bila kukubali. Bret alishinda bila kupata alichotaka, kwa kuwa alitaka neno na neno hakulipata. Ndiyo maana alirudi kumpiga aliyezirai, na mtu wa Kibirizi asiyejua neno la Kiingereza alilielewa hilo barabara: huyu kashinda na bado ana hasira, basi ana jambo.

Kuna pia utulivu wa Shamrock. Mwamuzi katika mieleka mara nyingi ni pazia. Anapigwa kwa bahati mbaya, analala, uhuni unaendelea. Huyu alikuwa mpiganaji halisi, na alikaa karibu bila kuingilia, mpaka pale sheria ilipokwisha na ukatili ukaanza. Hapo akaingilia mara moja. Kitendo chake ndicho kilichotoa hukumu kwa niaba yetu. Angekuwa mwamuzi mwingine yeyote, Bret kusita mbele yake kungeonekana maigizo. Kwa Shamrock kulionekana woga, na stelingi akishaonyesha woga mbele ya mtu wa haki, hana pa kurudi.

   

Hoja ya mwalimu

Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyekaa nyuma kabisa, alisubiri pambano liishe. "Jamani, hawa wamepatana kabla. Mshindi anajulikana. Mnamlilia nani?"

Haipingiki. Mwaka 1989 kampuni yenyewe, ikiitwa bado WWF, ililieleza baraza la seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili isimamiwe kama burudani na si kama mchezo wa ngumi. Siri ilifichuliwa na wenye siri, kwa sababu ya gharama.

Kijana mmoja akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Mwalimu, na stelingi wa Kihindi naye si wamepatana na adui?" Banda likacheka, mwalimu naye akacheka, na jibu lilikuwa sahihi. Ningeongeza jambo moja tu. Kilichopatanwa ni matokeo, mwili haujapatanwa. Agosti mwaka ule ule, katika pambano na Owen Hart, mdogo wake Bret, Austin aliangushwa vibaya kichwani, shingo ikaumia, na jeraha hilo likafupisha kazi yake. Desemba 1999 Bret alipigwa teke la kichwa na mwanamieleka mwenzake, Goldberg, ubongo ukatikisika, na mwaka uliofuata akastaafu. Ustadi wa mieleka ni kumwonyesha mtazamaji maumivu makubwa kwa kumuumiza mwenzako kidogo kadiri iwezekanavyo. Ndiyo sababu nyingine ya kuuheshimu mguu wa Austin kuliko ngazi za Houston: kuchechemea hakumvunji mtu.

Marudio

Mwezi uliofuata, mbalamwezi ilipokaza tena, watu waliomba pambano lile lirudiwe. Wengine walikuja wakiwa hawajaliona. DJ, ambaye mara ya kwanza aliona ameaibishwa, alijipanga. Kabla ya kengele akatangaza kwamba stelingi wa mwanzo atageuka adui, na kipara ndiye wa kumwangalia.

Likaharibika. Si pambano, hadhira. Tangu ngumi ya kwanza walimshangilia Austin. Bret alipoleta kiti hakuna aliyeshtuka, kwani walikwisha kuambiwa ni mbaya. Austin alipozirai, badala ya zile kelele za "usiseme", yalitoka manung'uniko: stelingi kashindwa, na wawili watatu walitaka warudishiwe hela. Kilichobaki salama ni mguu. Watu walibishana kama goti lile lingeweza kweli kumbeba mpaka nje, na mzee wa mitumbwi, aliyekuwepo tena, alikuwa na maoni marefu.

Kwa hiyo nimelazimika kuipunguza hoja yangu. Pambano la Rosemont lina sehemu mbili za ubora, na haziishi sawa. Ufundi wa jeraha lisilosahauliwa unastahimili marudio. Kugeuka kwa moyo kunahitaji mtu aliyeingia na moyo upande mwingine, na ukimwambia mapema umemnyang'anya. Meltzer alilipa pambano hili nyota tano, na anazistahili, lakini nyota hazisemi mtazamaji aliambiwa nini mlangoni.

Mwenye banda sasa anataka tujaribu lingine: Randy Savage na Ricky Steamboat, lililochezwa usiku ule ule wa Hogan na Andre, kwa dakika 14 na ushei. Ni kinyume cha Rosemont. Savage alilipanga hatua kwa hatua kabla ya siku yenyewe, na halimgeuzi mtu yeyote. Stelingi anabaki stelingi, adui anabaki adui. Nguvu yake iko kwenye zile hesabu za mbili zinazokaribia tatu, moja baada ya nyingine, kwa kasi isiyoruhusu mtu kushika simu. Nabashiri litastahimili marudio kuliko la Austin, na kelele za mara ya kwanza zitakuwa ndogo kidogo.

Tumemwomba DJ safari hii ataje majina tu, asiseme nani ni nani. Amekataa. Anasema hiyo si kazi ya kulipwa.